Njuga za Mguu wa Kushoto

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, sisemi zamani ya wanyama kusema, nasema zamani ambayo waliokuwepo wengine bado wanapita hapa kunywa chai yetu, palikuwa na ghala la katani. Katani yenyewe ilikuwa imekwisha siku nyingi. Lilibaki paa la bati na sakafu pana ya saruji. Watu wa mji wakalifagia, wakalipaka chokaa, wakaandika mlangoni NYUMBA YA SANAA YA WOTE, na hakuna hata mmoja aliyeliita hivyo. Waliliita Ghalani. Jumatatu walicheza watoto, Jumatano kina mama, Jumamosi kila mwenye miguu.

Kaeni vizuri, jasho la ngoma likauke taratibu. Wewe wa dirishani, maji utakunywa baadaye, hayakimbii.

Ghalani palikuwa na desturi mbili, na bila hizo hadithi yangu haiendi. Ya kwanza ni hii. Mchezaji alivaa njuga mguu mmoja tu, wa kulia, kwa kuwa ngoma yao ilianzia kulia. Hakujifunga mwenyewe. Alimpa mfungaji mgongo, akaegemea ukuta, akainua kisigino, na mfungaji akamfunga kutoka nyuma. Fundo likishakazwa halikufunguliwa mpaka ngoma iishe, hata kama linabana.

Desturi ya pili ilikuwa ya siku ya kuhitimu. Mwanafunzi aliyemaliza alisimama katikati ya duara la wakubwa, ngoma zote zikanyamaza, naye akataja jina la mtu mmoja, yule aliyemchezesha. Akishalitaja, alizivua njuga alizojifunzia, akamfunga mtu huyo mguuni, zikawa zake. Yeye akafungwa mpya. Na kuanzia siku hiyo, kila akiingia kucheza, popote, mpaka uzee wake, alilitaja kwanza jina lile. Asiyetaja jina hakucheza.

Mtaniuliza kwa nini jina moja. Kwa sababu mwaka mmoja seremala fulani alitaja majina tisa, na la mwenye nyumba wake likiwemo. Watu walisimama mpaka miguu ikafa ganzi, na wale ambao hawakutajwa wakanuna kuliko ambavyo wangenuna angetaja mmoja. Wakasema basi, jina ni moja.

Haya. Katika mji huo alikuwepo mwanamke anaitwa Mwajabu, fundi cherehani. Sketi zote za Ghalani zilitoka mikononi mwake. Kucheza, hakucheza. Alikuwa akisema yeye anacheza na cherehani na inamtosha. Asubuhi moja akaamka, akataka kushuka kitandani, upande wa kushoto ukakataa. Ulikuwa ni ugonjwa wa kiharusi. Mdomo ulinyooka baada ya wiki chache, mkono ukarudi, lakini mguu wa kushoto haukurudi. Ulikuwepo, aliuona kwa macho na kuufunika kanga, ila hakuuhisi. Ungemfinya, asingejua. Hospitali walimfundisha kwenda na fimbo hatua tatu nne. Alipofika nyumbani aliitupa fimbo nyuma ya mlango, akakaa godoroni miezi saba. Dada yake akimwambia, "Toka nje angalau upate jua," hujibu, "Jua litanikuta hapahapa."

Mguu wa kulia ulisema twende. Mguu wa kushoto ulinyamaza. Mwajabu akausikiliza wa kushoto.

Sasa anaingia mtu wa kwanza. Huyu ni Mwalimu Chausiku, mwalimu wa Jumatano na Jumamosi, mwanamke wa maneno mengi na hatua za haraka. Alikuwa masomoni mji mwingine, habari za ugonjwa hazikumfikia. Akaja kugombana kuhusu sketi kumi na mbili.

"Dada Mwajabu, huu ni mwezi wa ngapi? Wanafunzi wangu wanacheza na kanga za mama zao."

"Sketi zako zile pale," Mwajabu akamwonyesha kwa kidevu. "Sita zimekwisha, sita hazina mapindo. Chukua, mpe fundi mwingine."

Chausiku akautazama mguu uliofunikwa, akaitazama fimbo nyuma ya mlango. Hakutoa pole, pole Mwajabu alikwisha pewa za kutosha. Alivua viatu, akaketi mkekani, akatunga uzi. Akashona mapindo sita kwa mkono, mchana kutwa, na kushona hajui. Mwajabu alivumilia pindo la kwanza, akavumilia la pili. La tatu likamshinda.

"Mwalimu, unashona au unafunga gunia?"

"Jumatano njoo uone sketi zako zinavyochezwa na mapindo ya gunia."

"Nije na nini?"

"Hilo niachie mimi."

Jumatano akaja na mkokoteni wa kubebea maji, ametandika blanketi. Mwajabu akapakiwa huku analalamika, akalalamika njia nzima, akafika Ghalani analalamika. Wiki ya pili Chausiku akaja na mkokoteni. Wiki ya tatu akaja na mkokoteni. Mvua ikanyesha, akaja na mkokoteni na mwavuli. Na kiti cha Mwajabu hakukiweka ukutani pamoja na watazamaji. Alikiweka ndani ya duara, baina ya mchezaji na mchezaji, akamtungia michezo yake ya mabega, ya mikono na ya mguu mmoja wa kulia. Mwajabu akawa anacheza amekaa. Dada yake alisema alimsikia akiimba jikoni, akadhani kuna mgeni.

Lakini nisiwafiche. Kila Mwajabu alipoutazama mguu wa kushoto, Chausiku alimwambia, "Huo tuuache upumzike, dada. Tuna mmoja, unatosha." Alisema kwa mapenzi, na aliamini hivyo.

Naona kuna mtu kule nyuma ameshatikisa kichwa, ameshapata jibu. Shika jibu lako hapohapo.

Mtu wa pili ni Bi Kidawa, mfungaji njuga. Huyu bibi alifunga njuga Ghalani tangu siku mlango ulipofunguliwa, na kabla ya hapo alifunga kwenye ngoma za mitaani. Macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu, ila kazi ile hakuifanya kwa macho. Mchezaji akimpa mgongo, mkono wake wa kulia unanyooka, unakuta mguu wa kulia, unafunga. Miaka yote hiyo hakuukosa hata mguu mmoja.

Jumatano ya kumi Chausiku akasema, "Dada Mwajabu sasa ni mchezaji, avae njuga." Watu wakapiga vigelegele. Mwajabu hakuweza kuegemea ukuta wala kuinua kisigino, basi Bi Kidawa akamfuata kitini. Mwajabu ameketi, Bi Kidawa amechutama mbele yake, uso kwa uso.

Hebu geukeni mtazamane wawiliwawili. Mnaona? Mkono wako wa kulia unauelekea mguu gani wa mwenzako?

Ehe. Mkono wa Bi Kidawa ukanyooka pale ulipozoea, ukakuta mguu, ukafunga, ukakaza fundo. Amefunga wa kushoto. Hakuna aliyetazama, kila mtu alikuwa akijitengeneza nguo. Na mwenye mguu, macho yake kwa wapiga vigelegele, hakujua, kwa kuwa mguu wenyewe ndio ule usiohisi.

Ngoma ikaanza. Mwajabu akakanyaga kwa mguu wa kulia. Kimya. Akakanyaga tena. Kimya. Akadhani njuga zimelegea, akainama azishike. Alipoinama kiti kikasogea, na mguu wa kushoto ukateleza sakafuni.

Chaka.

Akageuka aone njuga za nani zimelia. Akajiinua kwenye kiti. Chaka. Akaifunua kanga, akaziona njuga zimekaa kwenye mguu wa kushoto. Akafumba macho, akausukuma mguu kwa nguvu za nyonga, nguvu alizokuwa nazo siku zote asijue za kufanyia nini. Chaka. Miezi yote hiyo, ili ajue mguu uko wapi ilibidi autazame. Siku hiyo aliujua amefumba macho. Akalia mbele za watu, wala hakujifuta.

Chausiku alipoona machozi akasimamisha ngoma. Alipoona njuga zilipo akawaka.

"Bi Kidawa, umemfunga mguu mgonjwa? Mama wa watu aburute kengele mbele ya wote, ndiyo unavyotaka?"

Bi Kidawa akapapasa kwa vidole, akashika, akatambua. "Nimekosea," akasema. "Nisamehe mwanangu, nimekosea. Ngoja nikufungue."

Mwajabu akazifunika njuga kwa viganja viwili. "Bibi, fundo halifunguliwi mpaka ngoma iishe. Mwalimu, waambie wapige."

Tangu siku hiyo Mwajabu alifungwa kushoto. Akajifunza kuusoma mguu kwa masikio. Mlio mmoja mrefu, ameburuta. Milio miwili mifupi, ameinua na ametua. Mwezi wa kwanza milio yote ilikuwa mirefu. Mwezi wa pili ikaanza kukatika. Mwezi wa tatu akasimama nyuma ya kiti akikishikilia, na mkokoteni ukarudi kubeba maji. Lakini Bi Kidawa alilipia kosa lake. Chausiku, kwa hasira za siku ile, alisema macho ya bibi yamekwisha, wachezaji wafungane wenyewe kwa wenyewe. Mtu aliyefunga miguu ya mji mzima akabaki na mguu mmoja wa kufunga, ule wa kushoto wa Mwajabu. Alikuja kila wiki kwa ajili ya mguu huo tu.

Sasa mtu wa tatu, Mzee Semboja, mpiga ngoma kubwa. Mzee wa maneno machache, ukimsalimia ngoma ndiyo inaitika. Miaka thelathini hakuna aliyeigusa ngoma kubwa ya Ghalani isipokuwa yeye.

Mwajabu alipoanza kusimama, shida nyingine ikaja. Mguu uliinuka lakini ulichelewa. Wenzake wakitua, wa kwake bado uko hewani. Ngoma ikimwita, anafika ngoma imeshaondoka. Akawa kila mara ndiye anayemgonga aliye mbele na kugongwa na aliye nyuma. Chausiku akamwambia, "Rudi kitini dada, kwenye kiti unapendeza." Mwajabu akaanza kufikiri arudi.

Jumamosi moja ngoma kubwa ikachelewa kidogo. Pigo la kwanza, la pili, halafu nafasi, ndipo la tatu. Nafasi ndogo, ya mtu kumeza mate. Mguu wa Mwajabu ukatua ndani yake. Jumamosi iliyofuata nafasi ipo. Jumatano nafasi ipo. Duara zima likaanza kucheza na nafasi ile, na Mwajabu ndani yake hagongi mtu wala hagongwi, na yeye hakuwaza kitu zaidi ya kufurahi kwamba mguu umepona.

Tamasha la mkoa lilikuwa karibu. Viongozi wa kikundi wakaketi kusikiliza, wakakunja nyuso. "Mzee Semboja, ngoma yako inachechemea. Mikono imezeeka?"

Semboja akaitazama mikono yake, akasema, "Labda."

Basi, neno hilo tu. Ngoma kubwa akapewa mpigaji mwingine, mwenye kasi. Mzee akapewa chapuo, ngoma ndogo ya kukaa nyuma ya wote. Kikundi kikaenda tamashani, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini Semboja akabaki. Niliwahi kumwona siku ile, amekaa mlangoni Ghalani, anaangalia barabara lilikopita lori la kikundi. Hatukumuuliza kitu. Nasema hatukumuuliza, ndiyo, mimi nilikuwepo, msinikatize.

Wiki iliyofuata akamwendea Mwajabu. "Binti yangu, mikono imenichoka. Nataka kuirudisha taratibu. Ningepata mtu wa kunichezea polepole, nikijifunza upya, ningeshukuru."

Mwajabu akamwonea huruma. Akasema, "Mzee, mimi ndiye wa polepole kuliko wote, nitakuchezea." Kila Jumanne alasiri, Ghalani pakiwa patupu, mzee akapiga na Mwajabu akacheza. Mara nyingine ilimlazimu Mwajabu amtie moyo, "Jitahidi mzee, leo umepiga vizuri kuliko juzi." Mzee anaitikia, "Asante, mwanangu." Kila wiki nafasi ile ikapungua, kidogo kidogo, punje kwa punje. Mwezi wa saba haikuwepo tena. Mwajabu alicheza ngoma nzima kwa kasi ya wote, na alichofurahia zaidi ni kwamba mzee wa watu amepona mikono.

Ndipo wakamwambia, Mwajabu, umehitimu. Jumamosi ijayo unaingia duara la wakubwa. Andaa jina.

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia, maana tangu augue hakuna kitu alichokitaka kama kuingia duara lile, na mlango wake ulikuwa ni jina. Akaona awaendee wenyewe, awaulize.

Akaanza kwa Chausiku, akamkuta anapanga viti.

"Mwalimu, nimtaje nani?"

"Unataka nijifanye sijui? Nitaje mimi." Chausiku akaweka kiti chini. "Dada, nimefundisha hapa miaka kumi na mmoja. Kila Jumamosi ya kuhitimu nasimama pale pembeni. Wanataja mama zao, wanataja waume zao, mmoja alimtaja mganga. Mimi sijatajwa hata siku moja. Nilikutoa godoroni. Nisingekutoa, Bi Kidawa angekufunga njuga wapi, kitandani? Najua nilikwambia mguu upumzike, na nilikosea. Lakini nilikuletea mkokoteni wiki kwa wiki nikiamini hutasimama kamwe. Sikungoja upone ndipo nikutake kwenye duara. Nilikutaka ulivyo."

Mwajabu akamkumbatia. Akatoka akiwa na uhakika kwamba jina ni Chausiku.

Akapita kwa Bi Kidawa, akamkuta uani anachambua mchele kwa vidole.

"Shikamoo bibi. Nimtaje nani?"

"Marahaba mwanangu. Usinitaje mimi, mimi nilikosea tu." Akachambua kidogo, kisha akauweka ungo pembeni. "La, ngoja, nisiseme uongo nikiwa mzee hivi. Natamani unitaje. Kosa nililifanya, ndiyo. Ila ule mguu mwalimu aliuacha, madaktari waliuacha, na wewe mwenyewe uliuacha. Mkono wangu ndio uliokwenda kuugusa. Haukwenda kwa akili, ulikwenda kwa mazoea ya miaka yote niliyochutama kwenye miguu ya watu. Tangu siku ile wananiita kipofu. Ukinitaja, kila utakapocheza watasikia kwamba Kidawa alifunga mahali pake. Nikishaacha kuona kabisa, nitakuwa nalisikia jina langu."

Mwajabu akaushika mkono wa bibi, akauweka usoni kwake. Akawa na uhakika kwamba jina ni Kidawa. Akaaga, akafika mlangoni, bibi akamwita.

"Mwanangu, unakwenda kwa Semboja?"

"Kumsalimu tu. Yule mimi ndiye niliyemsaidia."

Bi Kidawa akacheka mpaka akakohoa. "Umsaidie Semboja? Macho yangu mabovu, masikio mazima. Mwezi uleule uliokuwa unamchezea polepole, alipiga harusini hapa nyumba ya tatu. Alipiga kasi hata wapishi wakaacha masufuria. Mikono ile naijua kuliko sauti za wanangu, haijawahi kuzeeka. Alikuwa anakungoja wewe, mjinga wee."

Mwajabu alikwenda kwa Semboja nusu anatembea, nusu anakimbia, na hakukumbuka kwamba mguu wa kushoto uliwahi kuumwa. Akamkuta anawamba ngozi ya chapuo.

"Mzee, ulinidanganya."

Semboja akaendelea kuwamba. "Nani amekwambia, Kidawa? Masikio yake yale."

"Kwa nini hukusema? Tamasha limekupita. Watu wanasema umekwisha. Ungewaambia kwamba unaningoja mimi."

"Ningewaambia, ungesikia. Na mtu akijua anangojwa, anaharakisha. Ungeharakisha ungeanguka, na ukianguka mara moja tu ungerudi kwenye godoro." Akakaza kamba. "Usinitaje, binti yangu. Ukinitaja wataulizana kwa nini, na wakijua watakwambia ulininyima tamasha. Sitaki uende na mzigo huo. Mwalimu amekuleta, Kidawa amekuamsha. Mimi nilipunguza mwendo tu."

"Na jina lako, mzee?"

Hapo mzee akaiweka kamba chini. "Jina langu," akasema, "hilo kweli lilikuwa zuri."

Mwajabu akarudi nyumbani. Uhakika wa kwanza umekwenda, wa pili umekwenda, na huu wa tatu mwenyewe amemkataza. Akamwambia dada yake, "Nilipougua nilidhani sina mtu. Sasa nina watu hata sijui niwaweke wapi." Akalia, lakini kilio hiki kilikuwa cha mtu aliyeshiba.

Jumamosi ikafika. Ghalani pakajaa mpaka nje. Mwajabu amevaa sketi aliyoishona mwenyewe, cherehani alikwisha kuirudia, na pindo lake akaliacha lishonwe na Chausiku, kwa mkono, la gunia. Bi Kidawa akamfunga njuga, na safari hii Mwajabu alimpa mgongo, akaegemea ukuta, akainua kisigino cha kushoto, mguu wa kulia ukambeba peke yake na wa kushoto ukainuka wenyewe. Na mpigaji, aliomba awe Mzee Semboja. Watu wakanong'ona, huyu mzee si atamchelewesha. Mwenye kasi akasogea, mzee akakaa kwenye ngoma kubwa.

Mwajabu akaingia katikati. Chaka chaka, milio miwili mifupi. Chaka chaka. Hakuna fimbo, hakuna kiti. Mimi nilikuwa wa nne kutoka mlangoni na sioni haya kusema niliporomosha machozi. Ngoma zikanyamaza. Akatuzungushia macho, akasema, "Nashukuru. Niliingia hapa nimebebwa na mkokoteni, na sasa nimeingia kwa miguu yangu miwili. Sina neno kubwa kuliko nashukuru." Kisha akapumua ili ataje jina.

Kulia kwake amesimama Mwalimu Chausiku, pembeni palepale anaposimama miaka yote, amevaa nguo mpya. Kushoto ameketi Bi Kidawa, ameinamisha kichwa ili asikie vizuri. Mbele yake yuko Mzee Semboja, ameinua mkono juu ya ngozi, tayari, na anamtikisia kichwa, mimi hapana.

Msiniambie ataje watatu, nimeshawaeleza habari ya seremala. Msiniambie anyamaze, akinyamaza hachezi, na watatu wote watakuwa wamehangaika bure. Wewe uliyetikisa kichwa mapema, bado una jibu lako? Mmoja alimtaka kabla hajapona, asitegemee kwamba atapona. Mmoja alimponya, asikusudie. Mmoja alikusudia na akalipa kwa jina lake, akamkataza asimtaje. Mimi nina jina langu moyoni, na mwenzangu wa duara, tuliyesimama naye bega kwa bega siku ile, ana la kwake, na tumegombana mpaka leo.

Mwajabu amefungua mdomo. Mkono wa Mzee Semboja bado uko juu, na kungoja amekuzoea. Basi nyinyi mliokwisha kauka jasho, semeni: je, kati ya aliyemleta, aliyemwamsha na aliyemngoja, nani alistahili zile njuga?